Berlin mpaka Warnemünde: mwongozo kamili wa wikiendi ya baharini kwa mwanafunzi asiye na hela

Mi ni mtu wa Tanga, nimekulia Chumbageni, bahari nimeijua kabla sijajua kuandika jina langu. Sasa nilipokuja Berlin kusoma nikakaa miezi minane bila kusikia wimbi hata moja, ukiacha yale ya kwenye simu. Siku moja mwezi wa Mei jua likawaka kweli kweli, nikamwambia roommate wangu Mganda twende zetu baharini, Warnemünde, ufukwe wa mji wa Rostock huko kaskazini mwa Ujerumani, nikavaa kaptula na kandambili, begani nikatupia kikoi, yani kama naenda Raskazone. Tulivyoshuka kule upepo ulitupiga kofi palepale stesheni. Nyuzi joto 13. Tukakaa saa mbili nzima nyuma ya kibanda cha chakula tumejifunga kikoi kimoja watu wawili, na mkate wangu wa samaki wa euro 6 shakwe akaubeba kabla sijaung'ata mara ya pili.

Tangu hapo nimeshaenda mara sita, na kila mwaka wakija wageni wapya naulizwa maswali yaleyale, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Nimeandika kwa anayetokea Berlin, ila kama unasoma mji mwingine hapa Ujerumani mambo mengi ni hayohayo, badilisha treni tu.

Kwanza: chagua wikiendi kwa upepo, sio kwa jua

Hapa ndo wengi wetu tunakosea. Kwetu ukiona jua unajua kuna joto, kule jua na joto ni vitu viwili havijuani. Bahari yenyewe ni Baltiki, wenyewe wanaiita Ostsee, na maji yake mwezi wa Mei yanakuwa kama nyuzi 10 mpaka 12, Julai na Agosti ndo yanafika 17 mpaka 20 hivi. Ukitaka kuogelea na sio kulowesha vifundo tu, nenda kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Septemba. Ukitaka kutembea, kupiga picha na kula samaki, Mei na Septemba ni nzuri zaidi, watu wachache na vitanda vya bei nafuu.

Alhamisi jioni fungua utabiri wa hali ya hewa, acha kuangalia kile kijua cha njano, angalia mshale wa upepo. Ufukwe wa Warnemünde unatazama kaskazini. Upepo ukitoka kaskazini unakuja moja kwa moja toka baharini, baridi na mawimbi. Kaskazi ya kwetu inaleta joto, ya kwao inaleta mafua. Upepo ukitoka kusini unatoka nchi kavu, hapo ufukweni panakuwa pametulia na pana joto, ila kuna mtego: upepo huo unayasukuma maji ya juu yaliyopata jua yaende mbali, na ya chini ya baridi yanapanda. Unaweza kukuta hewa nyuzi 28 na maji yanakung'ata miguu. Na ukiwa na lile boya la kupuliza la kulalia, upepo wa kusini unakupeleka Denmark bila viza.

Epuka wikiendi ya pili ya Agosti kama unabana matumizi. Hapo huwa kuna Hanse Sail, sherehe ya majahazi ya zamani pale Rostock. Ni nzuri sana kuangalia, nani asiyependa tanga, lakini vitanda vinakwisha na bei inapaa.

Pili: tiketi, hapa ndo pesa inapookolewa

Angalia kwanza kama chuo chako kinatoa Deutschlandsemesterticket, toleo la wanafunzi la Deutschlandticket, yani tiketi ya mwezi ya kupanda treni za mkoa nchi nzima. Vyuo vingi vimeingia kwenye huo mpango tangu 2024, na unalipa asilimia 60 ya bei ya Deutschlandticket ya kawaida, inakatwa pamoja na ada ya muhula. Ile ya kawaida ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda 58 mwaka 2025, na 63 mwaka 2026. Kama unayo ya chuo basi nauli ya kwenda baharini umeshailipa zamani, ni wewe tu umelala.

Masharti yake yashike kichwani:

- Inapanda treni za mkoa tu (RE, RB, S-Bahn), daraja la pili. ICE, IC na FlixTrain, yani treni za masafa marefu, hazimo. Ukiingia ICE kwa bahati mbaya, kujifanya mgeni hakusaidii.
- Ni ya mtu mmoja na lazima uwe na kitambulisho chenye picha. Kuichukua simu ya rafiki yako haifai, faini ya kawaida ni euro 60.
- Baiskeli haimo, inakatiwa tiketi yake.
- Kama umeinunua mwenyewe ya kawaida, ni mkataba wa kila mwezi. Ukitaka kuacha unaghairi kabla ya tarehe 10, la sivyo mwezi unaofuata wanakata tena. Kuna mshikaji alilipia miezi minne tangu arudi nyumbani likizo.

Ukiwa na wageni wasio na tiketi hiyo, mfano dada yako kaja kukutembelea na rafiki zake, kuna Quer-durchs-Land-Ticket, inabeba mpaka watu watano siku nzima kwenye treni za mkoa nchi nzima, na mkiwa wengi mnagawana inakuwa nafuu. Wikiendi inaanza saa sita usiku, siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, na inafanya kazi mpaka saa tisa usiku wa kuamkia kesho yake. Ni ya siku moja lakini, kurudi Jumapili mnakata nyingine.

Ukitafuta ratiba kwenye DB Navigator, app ya shirika la reli, weka alama pale pa kuonyesha treni za Deutschlandticket tu, usipofanya hivyo itakujazia ICE na wewe utaona safari ni rahisi kumbe sio yako. Tafuta Ijumaa usiku na utafute tena asubuhi kabla hujatoka nyumbani, maana wakiwa na ukarabati wa reli sehemu ya njia inaenda kwa basi. Ukiona herufi SEV ujue ni hilo basi, ongeza saa moja kwenye hesabu zako na usile sana kabla.

Halafu suala la saa, samahani kwa wanaojua. Mimi nilimwandikia jamaa mmoja wa Morogoro, wiki ya pili tangu afike, "tukutane stesheni saa 2". Mwenzangu alikuwa ameshaamua kuwa Mjerumani, akasoma saa 2 akaona ni 14:00, sisi tumesimama platfomu asubuhi tunampigia simu kalala. Sasa hivi kwenye grupu tunaandika namba za treni zilivyo, 08:26, biashara imekwisha.

Tatu: pa kulala, au usilale kabisa

Unaweza kwenda na kurudi siku moja. Kutoka Berlin mpaka Rostock kwa RE5 ni kama saa mbili na nusu mpaka tatu, halafu S-Bahn kama dakika 20 mpaka Warnemünde. Ukitoka alfajiri unapata kama saa nane za ufukweni. Inachosha ila inawezekana, hasa Juni ambapo jua linazama karibu saa nne usiku.

Ila mi nakushauri lala usiku mmoja, na ulale Rostock mjini, sio Warnemünde. Warnemünde ni mji wa watalii wazee wenye hela, kitanda cha bwenini kule wakati wa joto utakitafuta kwa tochi. Rostock ni mji wa wanafunzi, chuo chao kilianzishwa 1419, na hosteli zipo. Kama una kadi ya uanachama wa Jugendherberge (hosteli za vijana) angalia pia za kwao, ipo mpaka Warnemünde yenyewe, ila hiyo bukia miezi kabla.

Vitu viwili kabla hujalipa. Cha kwanza, ukilala wanaongeza kodi ya wageni inayoitwa Kurtaxe, euro kadhaa kwa kichwa kwa usiku, mara nyingi haionekani kwenye bei ya kwanza unayoiona mtandaoni. Cha pili, soma saa za mapokezi! Safari yangu ya tatu tulifika hosteli moja saa tatu usiku, mlango umefungwa, mapokezi yamefungwa tangu saa mbili, na namba ya kufungulia mlango walituma kwenye imeili ambayo mwenzangu aliandika vibaya wakati wa kubuki. Tulikaa nje mpaka akatokea Mhispania mmoja anatoka kuvuta sigara. Kama utachelewa waandikie mapema, na piga skrinshoti ya hiyo namba kwa sababu intaneti nayo njiani ni ya kubahatisha.

Nne: begi na chakula, Ijumaa jioni

Pesa ya safari hii inaokolewa supamaketi Ijumaa. Ukiacha mpaka ufike, kila kitu karibu na ufukwe ni mara mbili. Sisi tunapika Ijumaa usiku: yule Mganda wangu anakunja rolex kumi, chapati na mayai na kabichi, anazifunga kwenye foili, mi nachemsha mayai na kukaanga viazi. Matunda, chupa ya maji ya kujaza bombani (maji ya bomba ya hapa yanakunywewa, mshaambiwa hilo), chai kwenye chupa. Rolex iliyopoa ukiila ndani ya treni huku unapita maziwa ya Müritz pale Waren, we acha tu.

Jumapili maduka yanafungwa, mnajua. Stesheni kubwa zinakuwa wazi na miji ya utalii ina ruhusa yake msimu wa joto, ila usijenge mipango yako juu ya hilo, nunua cha Jumapili siku ya Jumamosi.

Kwenye begi: jaketi la kuzuia upepo hata kama Berlin ni nyuzi 30, sweta moja, taulo, losheni ya jua (ndio na sisi weusi tunaungua, upepo unakudanganya huhisi), pawabenki, mfuko wa kuwekea nguo mbichi, na sarafu. Sarafu muhimu sana. Vyoo vinalipiwa senti 50 mpaka euro moja na vibanda vingine vya samaki havitaki kadi. Kikoi beba, ndo kifaa bora kuliko vyote: kinakuwa taulo, shuka, pazia la kubadilishia nguo, shali. Mjerumani mmoja alitaka kukinunua changu papo hapo.

Hati: kadi ya ukaazi, kadi ya bima ya afya na kitambulisho cha chuo. Pasipoti uibebe kama mna wazo lolote la kupanda feri, maana Rostock kuna meli za kwenda Gedser, Denmark, kama saa mbili hivi, na mkishafika pale tamaa inaingia. Mwenye kadi ya ukaazi ya mwanafunzi iliyo hai anaruhusiwa kutembelea nchi za Schengen mpaka siku 90 ndani ya siku 180. Lakini kama kadi imeisha na umeshika ile karatasi ya muda ya kusubiri kadi mpya, Fiktionsbescheinigung, usivuke mpaka kabla hujawauliza ofisi ya wageni (Ausländerbehörde), maana zipo za aina tofauti na nyingine zinaweza kukufungia nje.

Tano: siku yenyewe, njiani

Jumamosi za joto ile RE5 inajaa kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, tofauti ni kwamba hii imejaa na baiskeli. Watu wengi wanapandia Hauptbahnhof, stesheni kuu ya Berlin, kwa hiyo sisi tunarudi nyuma mpaka stesheni ya Südkreuz treni inakopita kwanza, tunapata siti, halafu Hauptbahnhof tunawaangalia wenzetu wanavyogombania. Angalia tu kama siku hiyo inapita huko. Kaa ngazi ya juu.

Rostock unahamia S-Bahn ya Warnemünde. Stesheni chache kabla ya mwisho utapita Lichtenhagen. Hapo Agosti 1992 kundi la watu lilishambulia kwa siku kadhaa jengo lililokuwa na waomba hifadhi na wafanyakazi wa Kivietnam, wakalichoma moto watu zaidi ya mia wakiwa ndani, na majirani wamesimama nje wanapiga makofi. Ni bahati hakufa mtu. Jengo lipo mpaka leo, lina alizeti kubwa zimechorwa ukutani. Nalitaja kwa sababu wenzetu wengi wataambiwa "usiende mashariki" bila kuelezwa kwa nini. Mimi mara zote sita sijaguswa, nimekodolewa macho mara kadhaa na bibi mmoja alinigawia plamu. Ninachofanya: siendi peke yangu, na naangalia ratiba ya mechi za Hansa Rostock, maana siku ya mechi treni zinajaa mashabiki waliolewa na hapo nachagua treni nyingine, hata ningekuwa Mjerumani ningefanya hivyo.

Sita: umefika

Kutoka stesheni unavuka daraja dogo, unaingia Alter Strom, mkono wa maji wa zamani wenye boti za uvuvi zimejipanga na kila boti inauza samaki. Usinunue bado. Nenda moja kwa moja mpaka mnara wa taa, umejengwa 1897 na 1898, una urefu wa kama mita 37, na pembeni yake kuna jengo lenye paa limepinda kama jani la mkungu lililokauka, Teepott, la mwaka 1968. Ufukwe unaanza hapo, na ni mpana kwelikweli, sehemu nyingine unafika mita 150 toka matuta ya mchanga mpaka majini. Pitia njia zilizotengenezwa, matuta yale yana majani yanayoshikilia mchanga na kuyakanyaga ni marufuku.

Sasa vile viti vya kikapu utakavyoviona mamia ni Strandkorb. Fundi vikapu wa Rostock, Wilhelm Bartelmann, alitengeneza cha kwanza mwaka 1882 kwa ajili ya bi mkubwa mmoja mwenye baridi yabisi aliyetaka kukaa Warnemünde bila kupigwa na upepo. Mwanzoni nilivicheka, nikaona ni mambo ya wazee. Siku ya upepo kaa ndani yake halafu toa kichwa nje, utamheshimu yule bibi. Kukodi siku nzima ni kama euro 10 mpaka 15 na vinakaa watu wawili, ukisubiri mchana wengi wanatoa bei ya nusu siku.

Chagua upande wako kwa kusoma vibao. Textil maana yake watu wamevaa. Hundestrand ni ya mbwa. FKK maana yake watu hawajavaa, kabisa, uchi wa mnyama, babu na bibi na wajukuu wanacheza mpira wa wavu, na hawaoni ajabu, ni utamaduni wao tangu enzi za Ujerumani Mashariki. Ukitembea kuelekea magharibi bila kuangalia vibao utajikuta katikati, kama sisi, na binti wa Mombasa tuliyekuwa naye akageuka akawa anatembea kinyumenyume anaangalia mbingu. Ukijikuta humo pita zako na simu weka mfukoni, usipige picha hata ya bahari. Huyohuyo dada anaogelea na buibui lake la kuogelea upande wa Textil na hakuna aliyemsemesha.

Saba: kuingia majini

Mtu wa pwani hapa ndo anadanganyika zaidi, kwa sababu anadhani anajua bahari. Cha kwanza kilichonishangaza: hakuna kupwa wala kujaa. Nilikaa toka asubuhi nasubiri maji yatoke nikatafute chaza, hayatoki! Tanga bamvua maji yanapanda na kushuka karibu mita nne, pale ni sentimita kumi au ishirini hivi, huwezi kuona. Kinachosogeza maji ni upepo. Chumvi nayo haifiki hata nusu ya ile ya kwetu, na hii sio habari ya ladha tu: maji yenye chumvi kidogo hayakubebi vizuri, utajihisi mzito, ule uvivu wa kulala chali juu ya maji Raskazone hapa unakuzamisha.

Baridi nayo ina namna yake. Usiruke. Ingia polepole, jimwagie kifuani na shingoni, subiri pumzi itulie ndo uogelee, na ogelea sambamba na ufukwe sio kwenda mbele. Dakika kumi za kwanza toka, jifute, angalia unavyojisikia. Ukianza kutetemeka imekwisha, vaa sweta kunywa chai.

Bendera kwenye vibanda vya waokoaji: nyekundu na njano pamoja ni kwamba waokoaji wapo kazini. Ikiongezwa ya njano peke yake, hatari, asiyejua kuogelea vizuri asiingie. Nyekundu ni marufuku kwa wote, hata kama unaona maji yametulia, na hata kama wewe ni mjukuu wa nahodha. Kaa mbali na ule ukuta mrefu wa mawe wa bandarini kwa sababu mkondo pembeni yake unavuta, na pale utakapokuta nguzo za mbao zimepigwa mstari kuingia baharini usiogelee katikati yake wala usizipande. Dharura ni 112.

Konyeza wapo. Wale weupe wenye duara nne mgongoni hawana shida, wale wekundu au wa manjano wenye nyuzi ndefu wanachoma. Na kama una kidonda kibichi, umechanjwa tatoo juzi, au kinga yako ya mwili iko chini, siku za joto kali usiingie kabisa, maji yakipita nyuzi 20 kuna bakteria wa Vibrio ambao kwa mtu wa namna hiyo ni hatari kweli.

Halafu hii hata Wajerumani wa bara hawaijui. Baada ya upepo mkali utaona watu wameinama wanatafuta kitu kwenye majani ya bahari, wanatafuta Bernstein, ndo kaharabu ileile ya tasbihi za mabibi zetu. Kinatupwa na mawimbi na kinaokotwa bure. Tatizo ni kwamba kwenye pwani hii, hasa kule Usedom, kuna mabaki ya fosforasi nyeupe toka mabomu ya vita ya pili, nayo ikiwa mbichi inafanana na kaharabu kama pacha. Ukiiweka mfukoni ikakauka na kupata joto la mwili inawaka yenyewe, na maji tu hayaimalizi. Kwa hiyo chochote unachookota kiweke kwenye kopo la chuma, mbali na mwili, kikauke huko. Mi natembea na kopo la biskuti. Mpaka sasa nina vipande viwili, kimoja kidogo kama punje ya dengu, nimemtumia mama akaniuliza ndo nini hiki.

Nane: sasa nunua samaki

Mkate wa samaki unaitwa Fischbrötchen, euro 5 mpaka 7. Bismarck ni heringi wa siki, Matjes ni heringi wa chumvi laini mbichimbichi, Backfisch ni wa kukaanga na ndo rahisi kwa anayeanza. Wasiotumia pombe ulizeni kwanza "Ist das im Bierteig?", maana wengi wanamviringisha kwenye unga uliokorogwa na bia. Mi nimehamia kwenye samaki wa moshi, unanunua mzima anafungwa kwenye karatasi, unamla kwa mkono na kipande cha ndimu ulichobeba nyumbani. Pilipili pia beba. Huko haipo.

Shakwe: kaa na mgongo ukutani au ingia ndani ya Strandkorb. Hawaji toka mbele, wanakuja toka nyuma ya sikio, na wanawajua wanaopiga picha chakula.

Jioni tembea mpaka mwisho wa ule ukuta wa bandari, kuna taa ya kijani huku na nyekundu ng'ambo, na meli za Sweden na Denmark zinapita karibu mno, unaona watu kwenye sitaha wanapunga mkono. Hapo sijui, huwa nakaa kimya tu.

Bajeti ya safari yangu ya mwisho: kitanda 32, chakula cha nyumbani 9, samaki 7, nusu ya Strandkorb 6, vyoo 2, Kurtaxe 3. Jumla euro 59, treni ikiwa imeshalipwa. Kwa anayeishi na ile euro 992 kwa mwezi ya Sperrkonto (akaunti iliyofungwa tunayowekea pesa kwa ajili ya viza) sio kila wikiendi, ila mara mbili kwa kiangazi inabebeka.

Tisa: Jumapili na kurudi

Jumapili asubuhi mkiwa Rostock ingieni kanisa la Marien mkaone saa ya mwaka 1472, bado inatembea na kalenda yake imepangwa mpaka 2150. Kama hali ya hewa ni nzuri rudini Warnemünde mtembee magharibi mpaka Stoltera, msitu uko juu ya genge na bahari iko chini, msisogee ukingoni maana udongo unamomonyoka.

Kurudi msisubiri treni za jioni, Jumapili kuanzia saa kumi Berlin nzima inarudi. Sisi tunaondoka saa nane mchana, au tunakaa mpaka usiku kabisa na kushika moja kabla ya ile ya mwisho. Sio ya mwisho, moja kabla yake, kwa sababu ikifutwa bado unayo nyingine, na Deutschlandticket haikuruhusu kuhamia ICE hata kosa likiwa lao.

Chupa zenu za plastiki na makopo msitupe, kila moja ni senti 25 kwenye mashine, za bia za glasi senti 8. Mara ya mwisho tulikusanya na zilizoachwa mchangani na watu wengine, tukafika Berlin na euro 4 na senti 75, ikatosha mkate wa Jumatatu asubuhi na bado kidogo. Mchanga kwenye viatu kung'uteni pale pale kwenye platfomu ya Warnemünde, mi bado nafagia wa Julai.